Vichekesho vya Kinoru na Mbuzi wa Kiritiri

Tangu kabla sijaoa, kazi yangu imekuwa kuwaeleza watu wa Kinoru kwa nini wanacheka.

Kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya bucha moja, si mbali na uwanja. Mabati pande zote, mabenchi ya mbao, na runinga nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Mwenye kibanda alikuwa mzee wa Kiislamu wa pale pale mjini, mtu mpole, na kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa hata mwezi wa mvua. Yeye ndiye aliyenikabidhi kipaza sauti. Nilikaa kando ya runinga, na chochote kilichosemwa na Wazungu, Wahindi au Wachina nilikigeuza Kiswahili, na Kiswahili kikipungua nguvu nilikiongezea Kimeru. Kihindi sikukijua. Kichina sikukijua. Kiingereza nilikuwa nacho cha kuombea maji. Lakini hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na wengine waliapa kwamba filamu zangu ni bora kuliko zile zile zikionyeshwa Nairobi.

Filamu za karate hazikuhitaji mtu kama mimi. Teke ni teke. Za mapenzi vilevile: mtu akilia, machozi unayaona. Ni vichekesho vilivyonitia adabu, maana kichekesho ukikieleza mapema umekiua, na ukikieleza kikishapita unazika. Ilibidi niseme neno langu pale katikati, mguu ukiwa hewani na ganda la ndizi likisubiri chini. Nilijifunza kwa aibu. Siku za kwanza nilikuwa nikipiga kelele, "Tazameni, ataanguka," na kibanda kizima kilinigeukia kama watu waliomwagiwa chai.

Watafunaji wa miraa walikaa benchi la nyuma, na wao walicheka kwa kuchelewa. Kichekesho cha saa nane walikicheka saa tisa. Lakini wakianza, misumari ya mabati ilichomoka.

Kwa kuwa niliziona filamu hizo mara nyingi kuliko waliozitengeneza, nikaanza kuona zinavyoshonwa. Mtu wa kuchekesha hajui kwamba anachekesha. Akijua tu, amekwisha. Amebeba ngazi begani, uso umekaza kama wa karani wa ardhi, anageuka kushoto aulize njia, na ngazi inawafagia watu wote wa kulia. Sisi tumeiona ngazi kabla yake, na utamu wote umo humo. Mzee wa kibanda alikuwa akisema watu wanakuja kwake wapate kujua jambo kabla ya mwenyewe kulijua, kwa sababu huko nje, kwenye maisha yao, wao ndio huwa wa mwisho kujua.

Halafu kuna suti. Hii niliishika sana. Mtu akitokea mwanzoni mwa kichekesho amevaa suti nyeupe, jua kazi ya filamu yote ni kuichafua. Rangi, keki, matope, hata samaki mbichi, lazima kitafutwe kitu. Na maskini akianguka watu hucheka kidogo, kwa huruma, lakini bwana mkubwa wa suti nyeupe akianguka, hata mama aliyeletwa na wajukuu anapiga goti lake kwa kiganja. Tena hakuna anayeumia. Mtu anadondoka kutoka ghorofani, anasimama, anapangusa kofia, anauliza saa ngapi. Na mwisho lazima watu wale chakula pamoja au waoane. Nimeona filamu ambayo majambazi waliokuwa wakifukuzana tangu mwanzo walimalizia kwenye harusi, na hakuna aliyejua bi harusi ametoka wapi. Hatukujali. Tulitaka pilau.

Haya yote niliyaandika kwenye insha, nilipokuwa nikisoma masomo ya jioni ili nipate cheti nilichokikosa utotoni. Mwalimu wetu alisoma insha yangu darasani mbele ya watu wazima wenzangu, kati yao muuza nyama na mama wa mitumba, na alipomaliza akavua miwani, akasema, "Bwana, hii si insha, huu ni uchawi." Pengine alisema ni nzuri tu. Mimi nilisikia uchawi.

Basi nikapenda.

Alikuwa binti wa Kiritiri, kule Mbeere, anauza dawa za mifugo katika duka moja la Meru mjini. Alicheka vizuri. Hakuwa wa benchi la nyuma. Alicheka pale pale, kichwa nyuma, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Tulipokubaliana, baba yake akaja Meru kuona binti anaishi vipi, na mimi kwa akili yangu yote nikaona mahali pa kumkaribisha mzee ni kibandani.

Nilimpa kiti cha pekee chenye mto. Nikaweka kichekesho changu bora kabisa, kile cha bwana mwenye hoteli, suti nyeupe, na mhudumu mwenye trei ndefu. Siku hiyo nilitafsiri kama malaika. Watu walilia kwa kucheka. Mzee alikaa wima, mikono juu ya fimbo, akitazama kama anayesikiliza kesi ya mpaka. Bwana wa hoteli alipoteleza kwenye supu akaingia dirishani akatokea kwenye bwawa, mzee aliinua fimbo kidogo, na kibanda kikadhani anataka kitu. Kikanyamaza.

"Huyu mtu," akasema, "anaanguka hivi kila mahali, hana watu kwao?"

 Hata benchi la nyuma likaacha kutafuna.

Nje alimwambia binti yake, na mimi nikisikia: "Kijana wako anaishi kwa kuanguka kwa wenzake. Akija kwangu, aje kama mtu mzima. Nikimwona anafanya michezo, arudi alikotoka, na wewe usiniletee maneno."

Kwa hiyo nilikuwa na siku moja tu ya kuonekana mtu mzima. Na binti alinifundisha siku hiyo kama anayemwandaa mtu kwa mtihani.

"Usicheke."

"Sitacheka."

"Usisimulie."

"Nikiulizwa je?"

"Ukiulizwa, jibu kwa neno moja. Na usitie chumvi. Baba anajua chumvi."

Mimi ni mtu wa Kibirichia kwa kuzaliwa. Kule kwetu Buuri tunajua viazi na baridi. Mbuzi tunawajua kwa jina. Na huwezi kwenda kubisha hodi kwa watu wa Mbeere bila mbuzi, kwa sababu kule mbuzi ndiye barua, ndiye salamu, ndiye mdhamini. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, akasema jambo lililoonekana la busara siku hiyo: kwa nini tumbebe mbuzi kutoka Kibirichia, agande kule na ayeyuke Kiritiri? Tutamnunua kule kule sokoni asubuhi, halafu tutamwambia mzee ametoka zizini kwetu. Maana mbuzi wa kununua siku ile ile haonyeshi heshima. Mbuzi wa heshima ni yule uliyemlea.

"Lakini sisi hatuna zizi," nikasema.

"Wewe umetafsiri Kichina miaka yote hiyo," mjomba akasema, "zizi ndilo litakushinda?"

Tukashuka kwa pikapu ya viazi, mimi, mjomba, na wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kukohoa kwa kukubaliana. Nilivaa suti mpya. Ilikuwa rangi ya maziwa. Najua. Hakuna mtu Kinoru aliyejua zaidi yangu kinachowapata watu wenye suti kama ile. Lakini nani anayejitazama kama filamu? Nilidhani mimi ndiye bwana harusi.

Sokoni Kiritiri ilikuwa bado asubuhi, lakini jua lilikuwa limeshashuka chini kukaa na sisi. Kulikuwa na mama mmoja pembeni, amejitanda leso, ameshika kamba ya mbuzi jike mwenye pembe moja iliyoinamia jicho kama kofia iliyovaliwa upande. Alionekana ana haraka. Nikaona hapa ndipo pa kununulia.

"Mama, huyu mbuzi mbona amenuna?"

"Hajanuna. Anakutazama hiyo nguo."

"Pembe yake imeinama."

"Unaoa pembe?"

Akataja bei. Nikashika kifua, nikayumba, nikamshikilia mjomba, kama ninavyowafanyia wateja kibandani. Mama yule hakucheka lakini pembe ya mdomo ilicheza.

"Kwa bei hiyo, mama, anasema Kiingereza?"

"Anakisema kuliko wewe. Wewe ni mtu wa viazi, nakusikia kwa sauti. Mbuzi umemwona wapi, kwenye kalenda?"

"Mbuzi wetu wa Kibirichia ni wakubwa kama ng'ombe."

"Basi rudi ukapande mmoja aje akubebe. Mimi nina wageni nyumbani na sijanunua mchele."

Tukabishana hadi watu wakasogea kusikiliza. Nikamwambia mbuzi wake ana sura ya diwani aliyeshindwa. Akaniambia mimi nina sura ya aliyemshinda. Mwisho tukaafikiana, akapotea upande wa maduka, na mimi nikabaki na mbuzi na furaha, maana nilikuwa nimetumia michezo yote asubuhi na sasa ningekuwa mtu mzima mchana kutwa.

Mjomba alimwosha mbuzi kwa sabuni ya kufulia nyuma ya hoteli ya chai na kumfunga utepe mwekundu shingoni. Alipomaliza, mbuzi alinukia kama mtoto wa kubatizwa.

Tulifika nyumbani kwa kina binti jua likiwa la utosi. Kwa desturi ya kule, mlangoni hamwingii tu. Wanawake wa nyumba hufunga lango, husimama ndani, huimba, na wageni huimba nje, wakitaniana, mpaka mmoja achoke. Wakaanza. Walituuliza kwa wimbo kama tumepotea njia ya soko la viazi. Mjomba, mwenye sauti kama trekta linalokataa kuwaka, akajibu. Mimi nilisimama wima, uso nimekaza kama karani wa ardhi, suti ikimeremeta.

Katikati ya wanawake wale, mbele kabisa, anayeongoza wimbo, alikuwa mama wa leso.

Aliniona sawasawa na nilivyomwona. Wimbo ulimkwama. Macho yake yakashuka kutoka usoni kwangu hadi kwenye kamba, kutoka kwenye kamba hadi kwenye utepe mwekundu, na hadi kwenye ile pembe. Kisha akavuta leso akafunika uso wote. Mjomba alikuwa akiimba amefumba macho, hakumwona.

Wanawake wenzake wakapiga vigelegele. Kila mtu alidhani ni adabu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hiyo inajulikana, na watu walifurahi kuona binti yao amepata mwanamume anayejua kutazama chini. Nilitazama chini kwa nguvu zote. Nilimtazama mdudu mmoja mpaka nikamjua.

Binti akaniambia kwa pembeni tulipokuwa tunaingia, "Umeanza vizuri. Mama amekupenda." Nikajibu kwa neno moja, kama nilivyofundishwa.

Tukakalishwa chini ya turubai. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, fimbo magotini. Mjomba akanipa kamba ya mbuzi niishike, akasimama, akakohoa, wale wawili wakakohoa.

"Mzee wetu," mjomba akaanza, "mbuzi huyu hatukumtoa mbali. Amezaliwa mikononi mwetu, huko Kibirichia, usiku wa baridi."

Mzee akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama mzee.

"Usiku wa baridi," mzee akasema.

"Baridi sana. Mama yake alikataa kumnyonyesha. Kijana huyu unayemwona hapa ndiye aliyemlea, kwa chupa, kama mtoto wake."

"Aa. Na anakula nini huko kwenu?"

"Maganda ya viazi."

"Anayapenda?"

"Bila maganda hapati usingizi."

"Na hii pembe?"

Mjomba hakuwa amejiandaa kwa pembe. Nilimwona akitafuta jibu juu kwenye turubai. "Hiyo," akasema, "ni upepo wa mlimani."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama aliyefundishwa jambo. Hapo nikaelewa kwamba mzee anamjua mbuzi wake. Kila mtu pale, wanawake, majirani, hata kuku, alikuwa akitutazama kwa uso ule ninaoujua, ule wa kibandani, watu walioiona ngazi kabla ya mwenye kuibeba. Na mimi ndimi niliyekuwa na ngazi begani. Sikuweza kumnyamazisha mjomba. Ningefungua mdomo ningeanza kusimulia. Niseme nini? Kwamba nimenunua mbuzi wa mzee kutoka kwa mke wa mzee, na kwamba nimemwambia mke wa mzee anauza diwani aliyeshindwa? Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na kipande cha leso kilionekana hapo, hakitikisiki.

"Na jina lake?" mzee akauliza.

Mjomba akavuta pumzi ya kutosha jina refu. Lakini nyuma ya ghala, ndani ya zizi, mwanambuzi akalia.

Mbuzi wetu wa Kibirichia akajibu.

Kisha akaondoka. Na mimi nilikuwa nimezungusha kamba mkononi, kwa kuogopa nisionekane mlegevu. Sikukimbia, nilipelekwa. Tulipita katikati ya wazee wakohozi, tukapita kwenye kiti cha mtu, tukachukua sehemu ya turubai, na mbuzi, ambaye alijua kila shimo la boma lile, alikata kona kwenye birika la kunyweshea mifugo. Mimi sikukata. Niliingia kwa tumbo. Birika lilikuwa na maji, na chini ya maji kulikuwa na yale yanayokuwa chini ya maji ya mifugo. Nilipoinua kichwa, mbuzi alikuwa amepenya kwenye tundu lake la uzio bila kukwama, utepe mwekundu shingoni, na mwanawe ameshaanza kunyonya.

Suti haikuwa tena ya rangi ya maziwa.

 Nilimsikia yule mwanambuzi akimeza. Nilibaki humo birikani, sababu sikuona faida ya kutoka. Nilimwona binti amefunika mdomo kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua ni ya aina gani. Siku yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimekuja kama mtu mzima.

Mzee akainuka. Akaja pole pole na fimbo yake, akasimama juu ya birika, akanitazama kutoka nywele hadi mahali maji yalipoanzia. Kisha akawageukia watu, akauliza kwa sauti ile ile ya Kinoru:

"Huyu mtu anaanguka hivi, hana watu kwao?"

Mjomba akafungua mdomo. Wazee wakakohoa. 

"Anao," sauti ikasema kutoka jikoni.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, leso imeshuka mabegani. Hakunitazama mimi, desturi ni desturi. Alimtazama mumewe.

"Ni sisi hao," akasema. "Mtoe majini, Baba, wali unapoa."

Na baada ya kusema hivyo akashindwa. Alianza kwa puani, kisha kifuani, kisha akaushika mlango kwa mikono miwili na mwiko ukaanguka. Kicheko kile nilikijua. Binti alikirithi huko. Wanawake wakafuata, kisha mjomba, na wakohozi wakakohoa kikohozi cha kweli.

Mzee alijaribu. Namheshimu kwa jinsi alivyojaribu. Alikaza midomo, akatazama mlimani, akagonga fimbo chini mara kadhaa. Halafu mabega yakaanza. Alitembea hadi nyuma ya ghala ili asionekane, na tukamsikia huko, kicheko kikavu kilichokaa kwenye gunia miaka mingi, akikipakua debe kwa debe. Alishika mti. Mti ulitikisika. Mapapai mawili yakaanguka.

Aliporudi alinipa mkono na kunivuta mwenyewe.

Tulikula. Nilivalishwa suruali ya mzee, ambayo iliniishia kwenye magoti, na shuka begani. Mzee alikula, kisha akasema kwa sauti ya upande wa jikoni, bila kugeuka:

"Mama, wali ni mtamu. Una ladha ya mbuzi."

"Ni ndengu hizo," jikoni kukajibu.

"Hapana. Hii ladha naijua. Nimeilea."

Jikoni mwiko ukaanguka tena.

Baadaye, tulipofika kwenye mambo yenyewe, alisema maneno machache, na mjomba wangu huyakumbuka hadi leo kwa sababu hakuruhusiwa kujibu. Alisema binti amechagua, na yeye hana kinyongo. Alisema mtu akianguka kwako mbele ya watu wako na asikasirike, huyo unaweza kumpa mtoto. "Lakini yule mbuzi," akasema, "simhesabu. Yule ni wangu. Mtaleta mwingine, na asitoke Kiritiri."

Baba mkwe alikuja tena Kinoru baadaye. Mzee wa kibanda alimtolea kile kiti chenye mto. Siku hizi bwana wa hoteli akiteleza kwenye supu, mkwe wangu huinamia jirani na kumwambia subiri, mkewe yuko jikoni. Hakuna mke wala jiko katika filamu ile. Lakini watu wa benchi wamezoea, na wengine huja kusikiliza tafsiri yake na si yangu.

Mama mkwe na mimi hatutazamani. Tukikutana njiani, yeye huvuta leso na mimi hutafuta mdudu. Lakini nikishampita nageuka kidogo, nayaona mabega yake.

Mke wangu amesoma haya juu ya bega langu. Anasema suti ilikuwa ya kijivu. Anasema papai lilianguka moja, tena lilikuwa limeshaiva. Anasema baba yake hakushika mti wowote, alitabasamu tu na kupenga kamasi, na kwamba mbuzi wa pili bado hatujampeleka na aliahidiwa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimemwambia yuko njiani kutoka Kibirichia, anatembea polepole kwa sababu ya ukubwa.

"Kama ng'ombe," akasema.

Nikamjibu kwa neno moja.